Mgonjwa Anaweza Kusubiri Juma Moja

"Ukiugusa utepe huo, Mwalimu, umeigusa serikali!"

"Basi serikali yetu ni nyepesi, Mzee Chenge. Nimeishona mwenyewe kwa masalio ya gauni langu la arusi. Gauni lenyewe halikuwa na kazi nyingine."

"Usinifanyie mzaha mbele ya watu!"

"Mzaha ni huo mliofunga mlangoni. Mimi nina mtoto mgongoni."

Hapo ilikuwa saa nne asubuhi, na tulikuwa tumeanza kugombana tangu saa mbili. Nusu ya kijiji ilikuwa imeacha majembe ije kusikiliza. Mwalimu kugombana na Mwenyekiti ni burudani, na haina kiingilio.

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua mikosi yangu, na mliokosa hamkukosa raha yoyote. Mume wangu Venant alikwenda Geita kutafuta dhahabu, akapata mwanamke. Kisha upepo ukaezua paa la nyumba ya mwalimu, na mwalimu ni mimi. Mara ya mwisho mliniacha kivukoni Kamanga, binti yangu Suzana, miaka sita, akiwaka homa mgongoni, naambiwa kivuko hakiji. Kiko Mwanza kinapakwa rangi.

Rangi ya nini? Ya kumleta mgeni rasmi. Mgeni rasmi wa nini? Wa kufungua zahanati ya kijiji chetu cha Nyamasoga.

Ziwa lilikuwa limechafuka na wenye mitumbwi walinikatalia, na kwa kweli walifanya vyema. Nikarudi kwa miguu, saa nzima, hadi mlango wa zahanati hiyo hiyo. Mlango haufunguliwi mpaka aje mgeni. Mgeni haji mpaka rangi ikauke. Na ule ulikuwa mwaka wa kwanza wa uhuru, kwa hiyo hakukuwa tena na Mwingereza wa kumlaumu. Hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Barazani, kwenye benchi, alikaa Josephat, tabibu tuliyeletewa na serikali. Kijana safi, koti jeupe, vifungo vyote. Siku ya ishirini na sita alikuwa akikaa pale kila asubuhi, akitibu hewa. Kila siku saa nane alivua koti, akalikunja, akaenda kula.

"Bwana Josephat," nikasema, "msikilize kifua."

"Hilo halikatazwi," akasema, kana kwamba amekagua kwanza orodha ya yaliyokatazwa. Akamwekea Suzana sikio la mpira mgongoni, ubavuni, tena mgongoni. Akahesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi. Uso wake ukabadilika, na hapo ndipo nilipoogopa. Mpaka dakika ile nilikuwa na hasira tu.

"Ni nimonia, Mwalimu. Pande zote mbili."

"Dawa yake?"

"Penisilini."

"Iko wapi?"

Alitazama mlango uliokuwa nyuma ya mgongo wake. Hatua sita, labda saba kama una miguu mifupi.

"Akikosa?"

"Mwalimu, usiniulize mbele ya mtoto."

"Mama," Suzana akasema kwa sauti ya karatasi, "nataka kwenda nyumbani."

Nikamwambia tunakwenda sasa hivi. Akina mama tunasema uongo mwingi, lakini huu una kiwanda chake.

"Basi fungua, Bwana Josephat."

"Ufunguo sina. Na hata ningekuwa nao, dawa hazijapokelewa rasmi. Mimi ni mtumishi. Nikifungua kabla ya sherehe, nitaandikiwa barua."

"Na usipofungua?"

"Hakuna anayeandikiwa barua kwa kutofungua," akasema, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alijisikia akilisema, maana aliinamisha kichwa.

Ndipo Bi Moza alipoingilia. Bi Moza ni mfanyabiashara wa Mirongo, mjini Mwanza, mwenye ulimi unaoweza kumenya ndizi. Alivuka kuja kuuza kanga kwa siku mbili; ile ilikuwa ya nane, kwa sababu ya hiyo hiyo rangi.

"Jamani, mimi mgeni, mnisamehe," akasema, ingawa hakuwa na sura ya kuomba msamaha. "Kule mjini, enzi za Mzungu, hospitali ilikuwa na milango mitatu. Wa Mzungu, wa Mhindi, na wetu sisi, nyuma, karibu na jiko. Tukasema, tukipata uhuru tutakuwa na mlango mmoja. Haya, mmeupata. Mmeutia utepe!"

Watu wakacheka. Mzee Chenge hakucheka. Yeye ni mkulima wa pamba, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu mrefu mwenye koti zito hata jua likiwa utosini. Kila asubuhi alikuja pale na mto mdogo wa hariri, na juu ya mto mkasi, vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa, endapo mgeni angetokea bila taarifa. Alivibeba kama mtu aliyebeba mayai.

"Bi Moza, wewe huyajui ya hapa," akasema. "Matibabu ni zawadi ya serikali. Serikali ni baba. Baba anapokuletea nyama, unasubiri aketi, ndipo ule."

"Baba wa mtoto wangu yuko Geita," nikasema. "Nawajua akina baba. Ukisubiri waketi, utakufa njaa."

"Ni zawadi!"

"Zawadi ya nani, Mzee Chenge? Mchanga ulitoka wapi?"

"Ziwani."

"Nani aliubeba?"

"Wanawake."

"Tofali nani alizifyatua? Nyasi za tanuri nani alizikata? Wewe mwenyewe ulipiga ngoma ya kuwaita watu kazini, ukasema hii ni haki yetu, tumenyimwa miaka arobaini. Haki imegeuka zawadi siku gani? Siku tulipoezeka bati?"

"Haki iko," akasema. "Lakini haki ina utaratibu."

Na hapa, wasomaji, lazima niwe mkweli, maana Mzee Chenge si mjinga. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma katika darasa la jioni, naijua akili yake. Aliuweka mto juu ya benchi, akawageukia watu.

"Leo Mwalimu anavunja mlango kwa ajili ya mtoto. Nani atamlaumu? Kesho atakuja mwanaume na rungu, achukue penisilini yote akatibu gonjwa lake la mjini. Kesho kutwa mwingine ataichukua akawachome ng'ombe wake. Mjane atakosa. Serikali maana yake ni nini? Ni kwamba mnyonge ana zamu yake hata kama hana nguvu za kusukuma. Mkivunja mlango mmemvunjia mnyonge."

Mwanaume mmoja nyuma, ambaye jina lake sitaliandika, akatazama miguu yake.

Hoja nzuri. Niliichukia kwa sababu ilikuwa nzuri.

"Basi tupange zamu," nikasema. "Zamu inahitaji watu wasimame mstari. Utepe ni wa nini?"

"Utepe," akasema polepole, "waulize walioutaka."

Akatia mkono ndani ya koti, akatoa kitabu cha jalada jeusi. Kitabu cha mihtasari ya kamati. Nilikijua. Nilikinunua mimi, nilikiandika mimi, kwa sababu mimi ndiye katibu.

"Mzee Chenge, hayo hayana haja."

"Uliyenifundisha kusoma ni wewe. Niache nisome." Akaweka kidole chini ya mstari, akasoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama nilivyomfundisha. "'Mwenyekiti alipendekeza kamati ichinje ng'ombe mmoja na zahanati ianze kazi kesho yake. Mwalimu Justa alipinga. Alieleza kwamba huo ni ushamba. Alipendekeza ufunguo upelekwe Mwanza, ili mgeni rasmi aje nao mkononi mwake, na uwekwe juu ya mto wa hariri, na mlango ufungwe utepe. Wajumbe walikubali.'"

Bi Moza akanigeukia. "Mwalimu! Ni wewe?"

Ni mimi.

Nimewaeleza ya mume na ya paa bila aibu, kwa sababu hayo nilitendewa. Hili nililitenda. Nina diploma ya maarifa ya nyumbani, imo katika fremu, ilinusurika hata paa liliporuka. Chuoni tulikuwa na kitabu chenye picha ya bibi mmoja wa Kizungu aliyevaa glovu, anakata utepe. Miaka yote nilikuwa nikiitamani ile picha. Nilitaka Nyamasoga ionekane mahali pa watu waliosoma. Nilitaka bwana mkubwa aulize, "Nani aliyeandaa haya?" na mtu amwonyeshe mimi. Labda anihamishie shule ya mjini, kwenye nyumba yenye paa.

Mzee Chenge, mshamba wangu, alitaka kuchinja ng'ombe na kufungua mlango. Nikamfanya mstaarabu.

"Bado sijamaliza," akasema. Na sasa sauti yake haikuwa ya ushindi. Nadhani mwenyewe hakutaka kuendelea, lakini mtu aliyejifunza kusoma ukubwani huona aibu kuishia katikati ya ukurasa. "'Mama Kija aliuliza: mtu akiugua kabla mgeni hajafika, itakuwaje? Mwalimu Justa alijibu: mgonjwa anaweza kusubiri juma moja.'"

Vichwa vyote vikageuka.

Mama Kija alikuwa pale pale, chini ya ukuta, miguu ameinyoosha mbele. Ni bibi wa Kisukuma mwenye mabega ya mwanaume; alibeba tofali nyingi kuliko yeyote kati yetu. Juma la pili la kumsubiri mgeni, mjukuu wake alishikwa na kuhara. Wakamvusha kwa mtumbwi kwenda Mwanza. Mama Kija alirudi na nguo za mtoto tu, zimekunjwa.

Mimi nilikwenda msibani. Nilipeleka sukari ratili mbili, na barua ya rambirambi kwa mwandiko mzuri sana.

"Mama Kija," nikasema. Nilikuwa sina haki ya kumwamkia.

Akamtazama Suzana mgongoni kwangu. "Amelala hivyo tangu lini?"

"Tangu jana."

"Wangu naye alilala hivyo." Akainuka, mkono mmoja ukutani. Nikadhani atanipiga, na nilikuwa nimeshajiandaa kushukuru. Badala yake akaifungua mwenyewe mbeleko yangu, akamtoa Suzana mgongoni kwangu, akamweka begani kwake. "Mayu," akaniita, kama Wasukuma wanavyomwita mama yeyote, hata asiyestahili. "Mtoto huyu hakuwemo kwenye kikao. Ipe mikono yako kazi."

Mikono yangu ilikuwa mitupu. Nikaitazama. Kisha nikautazama mlango, kwa mara ya kwanza si kama mtu mwenye hasira, bali kama mwalimu wa maarifa ya nyumbani anayesahihisha kazi.

Kufuli lilikuwa la fahari, kubwa kama ngumi, tulilinunua mjini kwa Mhindi. Bomu lisingelivunja. Lakini fundi wetu, Mungu ambariki, alikuwa amekifunga chuma cha kushikia kufuli kwa skrubu nne, na vichwa vyote vinne vilikuwa nje. Vilikuwa vinanitazama siku ishirini na sita. Kijiji kizima kilikuwa kinaliheshimu kufuli, na hakuna aliyewahi kuziangalia skrubu.

Nikaenda kwenye benchi, nikafunua kitambaa.

"Mwalimu, huo ni mkasi wa mgeni rasmi!"

"Una herufi J kwenye mpini, Mzee Chenge. Mliazima mkasi wangu wa kushonea mkaupandisha cheo."

"Ndalahwa! Mzuie!"

Ndalahwa ni mlinzi wa zahanati, mwenye kofia ya kijeshi aliyotoka nayo vitani Burma na mkuki usio na hakika. Alipiga hatua moja, akamwona Mama Kija amesimama mbele yake na mtoto begani, akairudisha hatua mahali pake.

"Mzee, mimi nililetwa kuzuia watu wa nje," akasema. "Hawa ni wa hapa."

Nikaukata utepe. Haukutoa hata sauti. Siku ya kuvaa lile gauni nililia sana. Siku ya kulikata sikuona sababu. Kisha nikaingiza ncha ya mkasi kwenye skrubu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikuwa na kutu, ikanivunja kucha. Ya nne ilitoka yenyewe, kwa aibu. Kufuli likaanguka chini likiwa limefungwa kabisa, halina kosa lolote.

"Bwana Josephat," nikasema, "hapa pana watu wangapi wagonjwa? Watazame wote. Aliye hoi zaidi aingie kwanza. Mzee Chenge anataka zamu, na ana haki."

Josephat akapita kwenye umati akishika mapaji ya nyuso. Mguu wenye kidonda. Jicho. Mjamzito aliyevimba miguu. Nilikuwa naomba Mungu binti yangu awe mgonjwa kuliko wote, kisha nikaomba asiwe. Sala za namna hiyo sijui hujibiwa vipi.

Akarudi. "Ni Suzana," akasema. Akafungua vifungo viwili vya koti lake, akaingia.

Jiko la stovu likawashwa, sindano ikachemshwa ndani ya sufuria ambayo haikuwahi kuona moto. Kasha la dawa likafunguliwa kwa mkasi huo huo. Siku ile ulifanya kazi kuliko kamati. Suzana alipochomwa alitoa ukelele uliofika ziwani. Ndio ukelele mtamu kuliko wote niliopata kuusikia. Tangu jana hakuwa na pumzi ya kulia.

"Itamponya?"

"Sijui," Josephat akasema. Hapo nikaanza kumheshimu. "Sindano moja si kitu. Asubuhi na jioni, siku tatu. Na asitikiswe wala asitembezwe. Usiku wa leo ndio utakaotuambia."

"Hapana!" Mzee Chenge alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mto wa hariri mkononi, mtupu. Macho yake yalikuwa mekundu. Sikuweza kujua ni hasira au nini. "Sindano moja, sawa. Nimeona, nimenyamaza. Jioni chuma kinarudi mahali pake, skrubu kwa ndani, na mlango unafungwa. Kesho mgeni akija akute mlango! Ndalahwa!"

"Naam, mzee."

"Linda mlango huu. Usiuache hata hatua moja. Mtu akitaka kuuvunja, mchome."

"Mlango, mzee?"

"Mlango! Huna masikio?"

Ndalahwa akapiga saluti.

Mimi nilikuwa natazama ndani. Tulikuwa tumejenga kila kitu: meza, rafu, dirisha la wavu. Tuliweka msumari wa kutundikia picha. Lakini katika vikao tisa, vyote kwa mwandiko wangu, hakuna mjumbe aliyekumbuka kwamba wagonjwa hulala. Hapakuwa na kitanda. Suzana alikuwa sakafuni, kwenye saruji mbichi, juu ya kanga mbili za Bi Moza, na ubaridi ulikuwa unapanda.

Kwenye kona palikuwa na tofali zilizobaki.

"Mzee Chenge," nikauliza, "bawaba za mlango fundi alizifunga vipi?"

"Bawaba? Za nini?"

Sikumjibu, maana nilikuwa nimeshapiga magoti. Skrubu sita juu, sita chini. Vichwa nje. Fundi yule nitamwombea mpaka nife.

Mama Kija akazipanga tofali, tatu huku, tatu kule, kwa mikono iliyozijua moja moja. Bi Moza akashika upande mmoja wa mlango, mimi wa pili. Ulikuwa mzito, mninga haupendi utani. Ukachomoka kwenye fremu, na mwanga wa ziwa ukaingia wote kwa pamoja.

"Ndalahwa!" Mzee Chenge akalia. "Mlango! Wanauchukua mlango!"

"Nauona, mzee," akasema Ndalahwa. Akauegemeza mkuki wake ukutani, akashika upande wa tatu. Aliambiwa asiuache hata hatua moja, na mlango ulikuwa unatembea.

Tukaulaza juu ya tofali. Bi Moza akautandika kanga. Mama Kija akamlaza Suzana juu yake, taratibu, akamgeuza ubavu.

Ndalahwa akasimama kando, mkuki wima, kofia sawasawa. Nje watu walikuwa wameanza kusimama mstari, mguu wenye kidonda mbele.

Nikamwomba Mzee Chenge kitabu cheusi. Akanipa. Chini ya ule mstari wangu nikaandika tarehe, nikaandika, "Mgonjwa hakuweza kusubiri," nikatia sahihi, nikamrudishia.

"Mgeni akija mwonyeshe mistari yangu yote miwili," nikamwambia. "Achague ni Mwalimu Justa yupi kati ya hao wawili wa kumfunga, aliyeandika wa kwanza au wa pili. Na akitaka kuufunga mlango, unajua ulipo. Amwinue mtoto kwanza."